Tupeane uzoefu: mwanao alipoharisha, chanzo kilikuwa nini hasa?

Mama Kulwa, Mbagala

Salaam wazazi wenzangu. Masika yameshika kasi, na huku kwetu kila ukibisha hodi unakuta mtoto mdogo kalazwa kwenye kanga, tumbo linamwendesha. Ukiuliza chanzo, nyumba ya kwanza wanakwambia anaota meno. Ya pili ana meno ya plastiki. Ya tatu wazazi wamembemenda. Nimelea wanangu na wa marehemu dada yangu, nimekaa nao wodini, na kuna jambo linaniuma sana: sababu hizi tunazopeana barazani ndizo zinazomchelewesha mtoto. Tangu asubuhi maji yanamtoka mwilini, jioni bado tunabishana nani kamfanya nini.

Naomba uzi huu uwe wa visa vilivyowapata nyinyi wenyewe. Ilikuwaje, mkaja kugundua chanzo ni nini, na nini kilisaidia. Matusi na kulaumiana tuviache nje.

Naanza mimi. Tulipanga bondeni, jirani na mto. Wenyeji wa Dar mnajua habari ya kutapisha vyoo. Shimo likijaa na mwenye nyumba hana hela ya gari la majitaka, anasubiri mvua kubwa ya usiku, anatoboa tundu ubavuni mwa shimo, vyote vinaondoka na mafuriko. Usiku ule harufu ilitukuta kitandani. Kulipokucha, tope jeusi lilikuwa limekatiza uani hadi kisimani, kisima kile kifupi cha pete za zege ambacho mfuniko wake ni kipande cha bati na tofali juu yake. Watu wakachota kama kawaida, maana maji ya kununua madumu ni hela na kufua lazima.

Ndani ya siku chache watoto wote wadogo wa nyumba ile walikuwa wanaharisha, mpaka kile kichanga cha mpangaji wa chumba cha uani. Wakubwa tuliumwa tumbo kidogo tu. Sasa niambieni, watoto wa vyumba vitano wanaota meno wiki moja? Mjumbe aliitwa, mwenye choo akasema ni kazi ya Mungu, mvua haina mwenyewe. Tulihama.

Baba Neema, Morogoro

Dada Mama Kulwa, hapo kwenye meno ya plastiki umegusa kidonda. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alishikwa na homa na kuharisha akiwa bado hajajua hata kukaa. Bibi mmoja wa mtaa akamfunua mdomo akaonyesha vivimbe vyeupe kwenye ufizi, pale yanapokuja kuota machonge. "Hayo hapo." Akaletewa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, akayachokonoa.

Mtoto alitoka damu nyingi, na kubaya zaidi akagoma kunyonya kwa maumivu. Yaani anapoteza maji kwa chini, na kwa juu hakiingii kitu. Walipomfikisha hospitali macho yalikuwa yamedidimia, mshipa wa kuwekea dripu hauonekani. Alipona, tunashukuru. Daktari wa meno alitueleza baadaye kwamba vile vivimbe ni vijino vya utotoni bado vimo ndani ya ufizi, kila mtoto anavyo. Binti sasa yuko shule ya msingi, upande mmoja chonge halikuota mpaka leo.

Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini shazia kwenye mdomo wa kichanga, hapana.

Bint Said, Tanga

Sina maneno mengi ila naomba wanaume wasome. Mwanangu wa kwanza aliharisha muda mrefu mpaka ngozi ya makalio ikakunjamana. Mama mkwe akasema tumembemenda, ama nimelala na mume mtoto akiwa bado yuko ziwani, ama mume ametoka nje kisha akampakata mtoto. Maneno yakazunguka mtaa mzima. Ukishasemwa hivyo huendi kliniki kwa amani, unahisi kila aliye kwenye benchi anakusoma usoni. Kwa hiyo nikawa namwogesha mizizi ndani, mlango umefungwa.

Wifi yangu ndiye aliyesema liwalo na liwe, akambeba. Kliniki hawakuniuliza habari za kitandani. Waliuliza anakunywa nini. Pale nyumbani tangu yuko mchanga wakubwa walikuwa wanampa maji ya mtungini, wakisema joto hili atakufa kwa kiu. Yule mama wa kliniki akanieleza kuwa maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto mpaka afikishe miezi 6, hata kwa joto la Tanga, na kila kijiko cha maji ya mtungi ni mlango wa wadudu. Nikaacha maji, nikanyonyesha mchana na usiku, akarudi kunenepa.

Mpaka leo naona hasira kwamba mama anahukumiwa kwa ugonjwa ulioingia kwa kata ya maji.

Nesi wa Zahanati

Poleni wote, na asante kwa uwazi. Nafanya kazi zahanati ya kijijini, naomba niongeze kidogo.

Meno huanza kuchomoza kwenye miezi 6 hivi. Umri huohuo mtoto anaanzishwa uji, anaanza kutambaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inazidi kupungua. Kwa hiyo meno na kuharisha vinapishana njiani tu. Mama akiniambia anaota meno, huwa namjibu sawa mama, lakini tumtibu kuharisha.

Wadudu wenyewe ni wengi, na karibu wote safari yao ni moja: kutoka kwenye kinyesi kwenda mdomoni. Kwa watoto wachanga kirusi cha rota ndicho kiliongoza kwa kujaza wodi. Tanzania ilizindua chanjo yake Desemba 2012, wenzetu Kenya wakaanza Julai 2014. Ni yale matone ya mdomoni anayoanza kupewa mtoto wiki ya 6. Tafadhali msiyaruke, kwa sababu rota haichagui, inaingia hata kwenye nyumba ya marumaru yenye bomba ndani. Ila chanjo hiyo inakinga rota peke yake, haiwezi kukinga maji ya kile kisima cha Mama Kulwa.

Jingine linalonisumbua: mama anafika na chupa ya fulajili tayari kanunua duka la dawa. Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji antibayotiki kabisa. Ukiona damu kwenye kinyesi hilo ni jambo lingine, mara nyingi ni bakteria anaitwa shigela, ana dawa yake na inatolewa na mtaalamu baada ya kumwona mtoto. Na dawa za kufunga tumbo za watu wazima msimpe mtoto hata robo.

Mama Junior, Kahama

Kwangu mimi ilikuwa chupa ya chai. Natoka alfajiri kwenda sokoni, napika uji wa lishe, naujaza kwenye chupa, dada wa kazi anampa mtoto mpaka jioni. Mtoto akawa anaharisha anapona, anaharisha anapona. Maji nachemsha, mikono tunanawa, nikachanganyikiwa.

Shangazi alipokuja kututembelea aliinusa ile chupa, akachomoa kizibo na kukigeuza. Huko ndani, pale mpira unapobana, kulikuwa na utando wa uji wa siku nyingi, mweupe, unanuka uchachu. Uji ukikaa vuguvugu saa nyingi wadudu wanazaana humo kuliko hata kwenye maji. Nilikuwa naona chupa kubwa imetunza joto, kumbe joto lile ndilo wanalolipenda.

Sasa unga upo kwenye kopo, dada anapika kidogo mara mbili mchana, unachemka, mtoto anakula kwa kikombe na kijiko, kinachobaki tunamwaga. Mkaa unaisha haraka, sikatai, na kwa mwenye kipato kidogo hilo si dogo. Lakini nilichokuwa natoa duka la dawa kilikuwa kikubwa zaidi.

Nasimiyu, Bungoma

Hamjambo majirani. Sisi huku magharibi mwa Kenya kisa chetu ni kuku. Kuku wanalala jikoni, sakafu ni ya udongo iliyosiribwa kwa samadi, na mtoto anatambaa papo hapo. Niliwahi kuketi tu nikamwangalia wangu alipokuwa anacheza. Akaokota kitu, nikafikiri ni punje ya mahindi. Kilikuwa kinyesi cha kuku kilichokauka, na kabla sijainuka kilishaingia mdomoni. Mama mkwe akacheka, akasema sote tumekulia hivyo.

Na si mimi pekee. Kulifanywa utafiti mkubwa katika kaunti zetu za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Familia zikapewa klorini ya maji, zikaboreshewa vyoo, zikawekewa mahali pa kunawia. Matokeo yalitoka 2018: kuharisha kwa watoto hakukupungua huku kwetu, wakati Bangladesh ambako walifanya karibu vilevile kulipungua. Watu wengi walivunjika moyo. Mimi naona ilituonyesha kwamba choo na dawa ya maji ni mwanzo tu, kama uani bado kumejaa mavi ya kuku, ya ng'ombe na ya mtoto mwenyewe. Maana kwetu kinyesi cha mtoto watu wanakitupa shambani, ati hakina uchafu. Kina wadudu kama cha mtu mzima.

Tuliwajengea kuku kibanda chao. Mtoto naye anatandikiwa mkeka anapocheza, na mkeka unaoshwa.

Kijana wa Mabibo

Nauliza, kwa hiyo klorini haina kazi? Maana sisi tunatumia vidonge vya maji tangu kipindupindu kile.

Nasimiyu, Bungoma

Ina kazi sana ndugu yangu, usiache. Inaua kipindupindu na bakteria wengi. Lakini yupo mdudu anaitwa kriptosporidiamu, klorini tunayotia mtungini haimwezi. Utafiti wa nchi 7 za Afrika na Asia uliochapishwa 2013, Kenya ikiwemo, ulimkuta miongoni mwa visababishi vinne vikubwa, pamoja na rota, shigela na aina fulani ya bakteria wa e-koli. Wengi hawakuwa wamemfikiria kabla ya hapo. Maji yakichemka sawasawa anakufa. Kwa hiyo ya mtoto mdogo mimi nachemsha, ya kaya nzima natia klorini, kuni za kuchemsha yote sina.

Mama Furaha, Goma

Jambo kwenu. Sisi huku watu wengi tunateka maji ya ziwa Kivu kwa bido, nyinyi mnaita dumu. Wakubwa wetu wanakumbuka 1994, wakati wa wakimbizi kutoka Rwanda, kipindupindu kilizika watu makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Leo pale tunapoteka maji kuna vijana wa kujitolea, wanatia klorini ndani ya bido kwa sindano mbele ya macho yako. Shida ni nyumbani. Bido inafungwa vizuri, lakini maji yakimiminwa kwenye sufuria, kila mtoto anaingiza mkono na kikombe chake. Mimi nimenunua ndoo ya bomba. Tangu hapo nimepumzika kidogo.

Nesi wa Zahanati

Mama Furaha hiyo ndoo ya bomba ingekuwa kila nyumba!

Kuna kitu nilisahau, kipimo cha ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Pakiti nyingi ni za lita 1. Mama anachukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu anajaza, dawa inakuwa nyepesi. Mwingine anamimina pakiti nzima kwenye chupa ya soda, chumvi inazidi, na hiyo ni hatari hasa kwa mtoto mdogo. Someni kwenye pakiti, tafuteni chupa ya lita 1 kamili muiweke alama. Ikishachanganywa, baada ya saa 24 imwage. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kama mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena kwa kijiko. Na kunyonya kuendelee palepale. Vidonge vya zinki, vinavyotolewa pamoja na ORS, anywe siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshatulia: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, 20 kwa waliozidi. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama.

Mama Aisha, Buza

Samahani kwa kuingilia. Wangu ana miezi 8, ameharisha tangu alfajiri na sasa hivi ni usiku. Nampa ORS anakunywa kidogo kisha anasinzia. Nimpeleke saa hizi au nisubiri kukuche?

Nesi wa Zahanati

Mama Aisha nijibu haraka. Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Mfinye ngozi ya tumbo kwa vidole viwili uachie, inarudi mara moja au polepole?

Mama Aisha, Buza

Nepi ni kavu tangu mchana. Ngozi inarudi polepole.

Nesi wa Zahanati

Usisubiri kukuche. Mbebe sasa, kikombe na kijiko uende navyo, umpe njiani kila akiamka. Mnyonyeshe pia.

Mama Kulwa, Mbagala

Nipo jirani yako, nimekutumia ujumbe. Namba ya dereva wa bajaji ninayemwamini iko hapo, nimeshampigia.

Mama Aisha, Buza

Asanteni, amefika, tunatoka.

Nesi wa Zahanati

Ukifika usikae foleni. Nenda moja kwa moja dirishani, waambie mtoto ana miezi 8, anaharisha, na hajakojoa tangu mchana. Sema hivyohivyo.