Tupeane uzoefu: saa ya kupanda meli na foleni za gatini

Mwana wa Tandale
Jana nilikuwa nikipekua mkoba wa zamani nikakuta lebo ya mzigo, ile ya karatasi inayofungwa kwenye mkono wa sanduku, na papo hapo tumbo likanikaza kama siku ile. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alikuja kunitembelea Uingereza, nami nikamkatia safari ya siku saba kwa meli ya kitalii kutoka Southampton. Tulitakiwa kuripoti kati ya saa 7 na saa 7:30 mchana. Tulifika mjini saa 5, tukala, tukapiga picha, kisha nikamwambia dereva wa teksi atupeleke kwenye meli, naye akatupeleka kwenye meli kweli. Nilichosahau ni kwamba Southampton ina majengo matano ya abiria wa meli hizo, na siku ile meli zilizofunga gati zilikuwa zaidi ya moja. Alitushusha Ocean, upande wa mashariki, ilhali sisi tulikuwa wa Mayflower, upande wa magharibi. Tulisimama kwenye foleni dakika arobaini, mama akiwa amekalia sanduku lake, mpaka binti mmoja mwenye kizibao cha njano alipoitazama lebo yetu na kutuambia kwa upole kwamba meli hii haikuwa yetu. Nilivyokimbia siku ile sijapata kukimbia tena. Tulipofika Mayflower saa 8 na nusu hakuna aliyetuuliza kuhusu muda wetu kupita, tulipitishwa ndani ya dakika kumi, na mama akasema, "Kumbe tungeweza hata kulala kidogo." Wenzangu, nyinyi yaliwakuta yapi?

Mama Wawili
Hayo ya kushushwa gati lisilo letu yalitukuta na sisi, ila kwetu ilikuwa Barcelona. Pole sana.

Kibaraza
Ushauri wangu ni mmoja: nendeni mwishoni. Mimi hufika saa moja tu kabla ya kufungwa kwa usajili, ukumbi ukiwa mtupu kama msikiti baada ya Ijumaa, na ninapita bila kusimama hata mara moja.

Mama Wawili
Kaka Kibaraza, huo ni ushauri wa mtu asiyesafiri na watoto. Ukifika mapema unakula chakula cha mchana melini, ambacho umekwisha kukilipia. Mimi hufika saa 4 asubuhi bila kujali tiketi imeandika nini.

Aliyekuwa Melini
Dada Mama Wawili, kwa heshima zote, watu wa saa 4 ndio wanaoifanya foleni iwe ile tunayoilalamikia. Nilifanya kazi miaka sita kwenye meli hizi, idara ya vyumba, nami naomba nieleze jinsi mambo yanavyokwenda upande wa ndani, kwa sababu abiria aliyesimama nje juani hudhani tumelala. Meli huingia alfajiri, na abiria wanaomaliza safari huendelea kushuka hadi saa 3 au saa 4 asubuhi. Katika bandari za Marekani, hesabu ya waliobaki ndani isipofika sifuri, yaani mtu wa mwisho hajapita kwa maofisa wa uhamiaji, hakuna abiria mpya anayeruhusiwa kukanyaga ngazi. Bwana mmoja anayemalizia kahawa yake bila haraka anaweza kuwasimamisha watu elfu tatu, na jina lake litaitwa kwenye vipaza sauti mpaka aone aibu, ingawa wengine hawaoni. Wakati huohuo sisi tunabadilisha mashuka ya vyumba zaidi ya elfu moja, na mizigo ya wapya inapitishwa kwenye mashine za ukaguzi. Saa mnazopangiwa za kuripoti ni za kugawanya umati tu. Ukizikosa kwa nusu saa hakuna atakayekufukuza.

Saa ya kufungwa kwa usajili ni jambo jingine kabisa. Marekani hutaka orodha kamili ya wanaosafiri ifike kwa mamlaka zake angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka, ndiyo maana kaunta hufungwa saa moja au saa moja na nusu kabla. Jina lisilokuwemo wakati huo haliingii, hata kama meli bado imefungwa kamba na wewe unawaona jamaa zako kwenye roshani wakikupungia mkono. Kaka Kibaraza amekuwa na bahati; tairi moja likipasuka njiani, bahati hiyo imekwisha.

Kibaraza
Nimesafiri mara nne na tairi halijapasuka.

Shangazi wa Malindi
Mimi meli hizo za mahoteli sizijui, ila foleni ya boti ya Dar es Salaam na Unguja naijua kwa jasho lake. Mjomba wangu alikatiwa tiketi iliyoandikwa 07:00 na mjukuu wake aliyekulia ughaibuni. Mjomba akaisoma saa 7, akala chakula chake cha mchana akashiba, akatoka nyumbani na kanzu iliyopigwa pasi, akafika gatini na kuambiwa kwamba boti yake ilikwisha kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata, kwa kujifunza, alipopewa tiketi ya 12:30 alifika saa 12 na nusu asubuhi, akakaa pale saa sita nzima na tasbihi yake. Alipoulizwa akajibu kwamba makosa ni ya saa, yeye hana kosa.

Kibaraza
Kichwa cha mazungumzo kinahusu meli za kitalii. Boti ya mwendo wa saa mbili ni daladala ya baharini.

Shangazi wa Malindi
Mwanangu, foleni ni foleni. Daladala haikaguliwi kitambulisho, wala haipokelewi na wapagazi wanne wanaogombania begi moja.

Mwana wa Tandale
Shangazi abaki, tafadhali. Mwenye mada nimeruhusu.

Mpemba Halisi
Nami nina neno kwa wanaochoshwa na kuulizwa jina mara tatu kabla ya kupanda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi, na waliokuwemo walizidi kwa mbali waliokuwa kwenye orodha. Kwetu kuna familia zilizokaa wiki nzima zikiuliza kama mtu wao alipanda au hakupanda. Tangu hapo, karani akinitaka nitaje jina, nalitaja pamoja na la baba na la babu.

Dereva wa Kilindini
Ndugu zangu, mimi niko upande wa pili wa foleni hiyo. Meli ya kitalii inapofunga gati Mombasa, wako abiria wanaonunua matembezi kwa meli yenyewe, na wako wanaojitafutia dereva kwa bei nafuu. Wanyama watakaowaona ni walewale, ila basi la meli likichelewa meli husubiri, na gari langu likichelewa meli huondoka. Nilikuwa na wazee wanne, mume na mke, na mume na mke. Tulitoka saa 12 asubuhi, tukaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Bachuma, tukawaona ndovu wekundu kwa vumbi, na kufikia saa 7 mchana tulikuwa barabarani tukirudi. Mwisho wa kupanda ulikuwa saa 11 na nusu jioni. Njia ni kilomita mia moja hivi, kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea akiba ya zaidi ya saa mbili.

Baada ya Samburu tukakuta malori yamesimama. Lori la kontena lilikuwa limelala katikati ya barabara kabla ya Mariakani, na matatu zilizojaribu kutanua ndizo zilizoziba hata upande wa kwenda. Ilipofika saa 10 na robo tulikuwa tumesogea kama kilomita mbili. Yule mama mkubwa wa wale wazee, ambaye nakadiria alikuwa na miaka sabini, akaniuliza pikipiki zinazopenya pembeni zinakwenda wapi.

Mama Wawili
Usituambie.

Mwana wa Tandale
Mzee, endelea, usituache njiani na sisi.

Dereva wa Kilindini
Nilijibu kwamba zinakwenda Mombasa. Akashuka. Mumewe alibishana naye kidogo, halafu naye akashuka. Niliwatafutia vijana wawili ninaowafahamu wa stendi ya Mariakani, nikawapa namba ya wakala wa meli iliyochapwa kwenye karatasi ya ratiba wanayopewa abiria kila siku, nami nikampigia wakala kumtajia majina. Wale wawili wengine walikataa katakata, wakasema meli haiwezi kuwaacha watu waliolipa.

Wa bodaboda waliingia saa 11 na dakika ishirini. Mimi na wangu tulifika Kilindini saa 1 usiku, gati tupu, na wakala amesimama pale na bahasha. Kumbe mabaharia walifungua kasha la chumbani, wakatoa pasipoti zao na dawa za yule mzee za shinikizo la damu, wakazikabidhi kabla ya kung'oa nanga. Walilala hotelini kwa gharama yao, na asubuhi wakapanda ndege kwenda Unguja kuisubiri meli yao.

Kibaraza
Yaani ulimpakia mama wa miaka sabini kwenye bodaboda, katika barabara ya malori? Bila kofia?

Dereva wa Kilindini
Kofia zilikuwepo, mbili. Na sikumpakia, alipanda mwenyewe.

Aliyekuwa Melini
Ya bahasha ni kweli tupu. Nimewahi kusimama pale chumbani wakati kasha la watu waliochelewa likifunguliwa. Ndiyo sababu nawasihi mtembee na dawa zenu na angalau nakala ya pasipoti kila mnaposhuka.

Mama Wawili
Mimi nasema pasipoti yenyewe, si nakala.

Kibaraza
Pasipoti ikiibwa Marikiti utajuta. Iache melini.

Shangazi wa Malindi
Dereva, wale wazee walikulipa?

Dereva wa Kilindini
Waliobaki nami walinilipa kamili, ila kwa kununa. Yule mama alimpa kijana wa bodaboda zaidi ya alivyonipa mimi.