Eti urithi wa mama yangu ni SUFURIA!

Wakuu, sina salamu. Wa huku kwetu mnamjua kiongozi wetu wa kijiji, yule wa miwani na faili la kijani analobeba hata msibani.

Leo kwenye mkutano wa kijiji mama kasimama kuulizia ekari zake tatu. Shamba walilifyeka yeye na marehemu baba kabla mimi sijazaliwa, minyaa ya mpakani kaipanda kwa mikono yake. Walipopita kupima kwa ajili ya hati za kumiliki ardhi kimila, likaandikwa jina la baba mdogo! Mama kauliza kwa adabu. Bwana yule kavua miwani, kaifuta na shati, kasema: "Mama, urithi wa mwanamke ni sufuria." Watu wakacheka.

Sufuria! Mbele ya wakwe zake! Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila ya kumnyima mwanamke ardhi ni batili. Miaka yote hiyo, hata kobe angeshamfikishia bwana yule habari. Mama karudi, hajala, kajifungia ndani. Sufuria, jamani.

JembeHalilali: Huyo huyo! Kwangu alitaka "hela ya wino" ndipo asaini hati. Wino wa kuandikia Biblia na Kurani zote mbili.

Mzee wa Kitongoji: Binti, mzee alipokuwa hai mlikuwa wapi? Hati ya kimila mke na mume wanaandikwa wote. Mmelala, sasa mnalia huku.

Mleta uzi: Shikamoo mzee, lakini baba kafariki kabla wapimaji hawajaja. Angeandikwa kwenye hati ipi? Na hata tungelala miaka mia, ndiyo mama aambiwe SUFURIA?

NyotaYaBonde: Pole dada. Nenda baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 7, wanawake wasipungue 3.

JembeHalilali: Baraza gani? Kwetu hao watatu wanaitwa kuchemsha chai. Na la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Ukishindwa hapo ni wilayani, andaa nauli.

MpungaMkavu: Nyie mnagombana na mtu mwenye masikio. Mimi nimeamka nakuta ng'ombe kama mia mbili wanamalizia mpunga wangu.

Fimbo Ndefu: Na njia ya mifugo mliilima nani? Ng'ombe wapae?

MpungaMkavu: Njia ipi? Hapo babu yangu amezikwa!

Fimbo Ndefu: Na wangu alichungia hapo hapo.

NyotaYaBonde: Afadhali nyie mna cha kuliwa. Mimi mbolea ya ruzuku nimejiandikisha, namba ya kuchukulia haijaja, mahindi yamekuwa njano.

JembeHalilali: Ya kukuzia imeshuka jana pale kwa wakala wa njia panda.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wa mama yangu!

NyotaYaBonde: Tuko pamoja dada. @JembeHalilali, kabakisha mifuko mingapi?