Tupeane uzoefu: Mapambano ya magemu ya kutisha ndani ya miwani ya uhalisia pepe

Ndugu wanajukwaa, Resident Evil 4 niliicheza kwa pedi (kidhibiti chenye vitufe) tangu enzi za PlayStation 2, na nilidhani nimeshaizoea, mpaka mwaka 2021 ilipotoka ile ya miwani ya Oculus Quest 2. Kwenye pedi, kujaza risasi ni kubonyeza kitufe na kungoja. Ndani ya miwani, bastola unaichomoa kiunoni, magazini (kasha la risasi) unaitafuta kwenye mkanda, unaipachika kwa mkono wa pili, kisha unaikoki, na muda wote huo wanakijiji wanakusogelea. Magazini niliikosesha mara mbili. Adui nilimjua miaka mingi. Mikono yangu ndiyo iliyonisaliti. Nanyi mlikutana na nini?

Mchangiaji wa 1
Kwangu ni Half-Life: Alyx ya mwaka 2020, pale kwa Jeff, zimwi ambalo halioni ila linasikia kila kitu. Kwa kuwa hewa yenye vumbi la sumu humkohoza mhusika, inakubidi uzibe mdomo kwa mkono wako, hivyo unabaki na mmoja tu wa kufungulia milango na kudaka chupa zisianguke. Nilijikuta nimebana pumzi kabisa, ingawa gemu halisikii pumzi ya mchezaji. Tena risasi zinachukuliwa mgongoni, juu ya bega; kwenye pambano lililofuata nilinyoosha mkono kwa pupa nikaligonga pangaboi. Kidole kilivimba siku tatu.

Mchangiaji wa 2
The Walking Dead: Saints & Sinners. Kisu ukikichoma kichwani mwa mfu, kinanasa, na ni lazima ukivute mwenyewe huku wa pili ameshakufikia. Nilirudi nyuma hadi nikakalia meza ya chai.

Mchangiaji wa 3
Mimi umeme ulikatika usiku katikati ya pambano. Miwani ina betri yake, kwa hiyo picha iliendelea, lakini kamera zake huhitaji mwanga wa chumba ili kujua mchezaji yuko wapi. Bunduki ikaning'inia hewani, haiendi ninakotaka, na sauti za maadui bado ninazisikia masikioni. Nikaivua haraka ili nipumue, nikakuta giza totoro, na kitu laini kikapita miguuni. Alikuwa paka wa jirani, lakini nilikuwa nimeshapiga kelele nyumba nzima ikaamka.