Kikundi chetu cha maombi kinaomba sana ila watu hawakui: nipangeje malezi ya kiroho?

Mama wa Pasua ameandika:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Moshi, usharika wa Kilutheri, na tangu Januari mwaka jana nimekabidhiwa kikundi cha maombi cha mtaa. Kwenye orodha tuko 23, wanaofika Alhamisi saa kumi na moja jioni ni 12 hadi 15. Wengi ni akina mama wa biashara ndogondogo. Tuna wauguzi wawili, mwalimu mstaafu na vijana wanne, mmoja wao mpagazi wa mlimani. Kuomba tunaomba. Mkesha wa mwisho wa mwezi haujawahi kukosa watu, na Mungu ametutendea mengi.

Kilichonifanya niandike ni daftari. Tuna kaunta buku la mahitaji, kila anayefika anaandika hitaji lake na tarehe. Wiki iliyopita lilijaa. Usiku nikakaa nalo jikoni, nikalisoma tangu ukurasa wa kwanza. Ada. Kazi. Mume aache pombe. Ada tena. Kesi ya kiwanja. Mtoto wa kiume apate mchumba. Miandiko ileile, mahitaji yaleyale, zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Sikuona mtu hata mmoja aliyeomba afundishwe, wala aliyeomba Mungu ambadilishe yeye mwenyewe.

Isipokuwa mmoja. Mwezi wa tatu, kwa kalamu nyekundu, binti mmoja aliandika: "Nasameheje mtu ambaye bado naishi naye nyumba moja?" Pembeni kuna alama ya vema niliyoiweka mimi, maana yake limeombewa. Siku ile naikumbuka. Tulimzunguka, tukamwekea mikono, tukaomba kwa nguvu labda dakika kumi, tukasema amina, tukahamia hitaji linalofuata. Aliuliza swali, hakuna aliyemjibu. Mwandiko wake unatokea mara mbili tena, halafu basi.

Nililia, sitaficha. Bwana alituagiza tuwafanye watu kuwa wanafunzi, na kuwafundisha kuyashika yote aliyotuamuru. Mimi nimekuwa nikipokea mahitaji na kuyawekea vema.

Mchungaji ameniruhusu, amesema nimpelekee mpango kabla mwezi huu wa kumi haujaisha. Muda wetu ni saa moja na nusu kwa wiki. Fedha hatuna. Semina ya siku tatu siitaki, tumeshazifanya. Nianzie wapi?

---

Mwinjilisti Mstaafu amejibu:

Mwanangu, asante kwa kusema ukweli. Nimetumika mitaani miaka mingi upande wa Old Moshi, na hilo daftari lako nalijua, nami nilikuwa nalo.

Usipeleke mpango wa mwaka mzima, peleka wa miezi minne. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa wiki, basi. Kila mtu aisome nyumbani kabla ya Alhamisi, asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Na usianze Novemba. Unaijua Moshi: Desemba watoto wanarudi kutoka Dar, akina mama wote wako jikoni, Alhamisi zako zitakufa zikiwa changa. Anza wiki ya pili ya Januari. Pasaka itawakuta katikati ya safari. Wiki hiyo rukeni mbele msome mateso na ufufuo, kisha mrudi mlipoishia.

La pili ndilo kubwa. Marko 3:14 inasema aliwaweka kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye", na kutumwa kunakuja baada ya hapo. Watu 15 wakiwa duara moja hawawi pamoja, wanakuwa mkutano. Wagawe watatu watatu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Huku kwetu Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika kwa Wachaga kati ya 1902 na 1938, vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya rika, wabebane kama ndugu wa ngao moja. Alilichukua wazo hilo kutoka kwa wazee wetu wenyewe. Siku hizi picha za kipaimara zikishapigwa, mtoto haonekani tena. Tulikuwa na dawa nyumbani, tukaiacha darini.

Ukigawa, angalia jambo moja: usiweke watatu ambao mmoja anamdai mwenzake, wala mama na mkwewe. Hawatasema kitu.

---

Mlinzi wa Zamu amejibu:

Mama, heshima yako, na shikamoo kwa mwinjilisti, ila mimi naona tofauti na nasema kwa uchungu. Nilikuwa kwenye kikundi kilichowaka moto kabisa. Wakaleta masomo, wakaleta ratiba, wakaleta ubao. Ndani ya miezi sita waombaji wakaondoka, wakabaki wasomi wanaobishana kuhusu maneno. Maombi si darasa. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1727 kuombea saa kwa saa, wakipokezana, na mnyororo ule haukukatika kwa miaka kama mia moja. Nani aliwapa mpango wa wiki 16? Watu wakikaa miguuni pa Bwana, Roho atawafundisha.

---

Mwalimu wa Sekei amejibu:

Mlinzi, uchungu wako nauelewa, na kuhusu ubao niko na wewe. Ila mfano wa Herrnhut umeukata nusu. Watu walewale, mwaka uleule wa 1727, walikuwa wanajigawa katika vikundi vidogo sana, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakikutana kuambiana hali ya mioyo yao. Waliomba usiku na mchana, na pia walijuana. Miaka mitano baadaye, 1732, wakaanza kupeleka wamisionari ng'ambo. Moto ule ulikuwa na mafiga.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alijifunza kwao. Na hapa mama wa Pasua utapata kitu. Mwaka 1742 pale Bristol, Uingereza, wenzake walikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana wajigawe makundi ya watu kama 12, na kila kundi lipate mtu wa kupita kukusanya senti kila wiki. Alipopita nyumba kwa nyumba akaanza kukuta mambo: huyu amegombana na mkewe, yule amerudia pombe. Wesley akaona kwamba hapa amepata kitu kikubwa kuliko senti. Wale wapita-senti wakageuka walezi.

Akina mama wako bila shaka wana vikoba. Wanajua kukutana kila wiki bila kukosa, wanajua kufuatana nani hajaleta na kwa nini. Nidhamu hiyo wanayo tayari. Kila watatu wakikutana, waulizane hali ya roho kwa uzito uleule wanaoulizana marejesho.

---

Mwanajumuiya, Ngarenaro amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naomba nikaribie. Sisi tuna Jumuiya Ndogondogo tangu miaka ya 1970, na nakiri nyingi zimekuwa za kusali rozari, michango na matangazo. Ila jumuiya yetu ilibadilika tulipojifunza kusoma Neno kwa sala. Ni njia ya kale ya watawa. Mtawa mmoja wa shirika la Wakartusio wa karne ya 12, Guigo, aliiandika kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli, yaani kutulia kimya mbele za Mungu.

Kwa vitendo tunafanya hivi. Mmoja anasoma mistari sita hadi kumi, polepole. Kimya, dakika mbili. Mwingine anasoma tena ileile, na safari hii kila mtu anataja neno moja au kifungu kilichomshika, bila kuhubiri. Huu ndio mtihani, maana kuna mtu ukimpa nafasi atahubiri. Mara ya tatu inasomwa, kisha kila mmoja anamjibu Mungu kwa sentensi moja kutoka kwenye lile neno lililomshika. Mwisho tunanyamaza.

Wiki ya kwanza kimya kilitutesa, watu wakakohoa, mtoto akaulizwa kama amelala. Wiki ya tano mzee mmoja, ambaye tangu nimjue hajawahi kusali kwa sauti, alisema: "Bwana, hata lini." Tulikuwa kwenye Zaburi ya 13. Hakuongeza kitu. Tulijua wote analia kwa ajili ya nini.

Ndugu Mlinzi, jaribu hii. Haina ubao, na ni maombi mwanzo hadi mwisho.

---

Kijana wa Machame Geti amejibu:

Shikamoo mama. Naandika kwa ajili ya yule mpagazi wako, kwa sababu mimi pia ni mpagazi. Usimfute kwenye orodha. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro ni siku sita au saba, tukishuka tunalala siku moja, msimu ukiwa juu tunapanda tena. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi Alhamisi hatuna. Watu wa kanisa wakatuona tumepoa.

Kilichonisaidia ni mzee mmoja wa kanisa aliyenipa mstari mmoja kwenye kikaratasi kila nilipopanda. Mmoja tu, niushike kichwani mpaka nishuke. Nikishuka ananipigia, nausema, halafu ananiuliza umekutana nao wapi huko juu. Kuna safari alinipa Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Kambini kuna mwenzangu niliyekuwa nimemchukulia sehemu ya bahashishi, hakuwa anajua. Nilimwambia tukiwa tunakunja hema. Nimeshika mistari kama 40 sasa hivi na hakuna hata semina moja niliyohudhuria.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Mama, mpango wote unaoshauriwa ni mzuri, lakini mambo matatu yasipowekwa mwanzo utaumiza watu.

Siri. Kinachosemwa kwenye watatu hakiendi kwenye kundi la WhatsApp hata kikivishwa nguo ya "tumwombee ndugu yetu". Mimi majibu yangu ya hospitali yaliwahi kuwa hitaji la maombi asubuhi, jioni nikaulizwa sokoni. Nilikaa miaka miwili bila kufungua mdomo kwenye kikundi chochote. Mwambieni kila mtu siku ya kwanza, na atakayevunja aonywe na mchungaji.

Kufunga. Ukiweka siku za kufunga ndani ya mpango, sema wazi kwamba wenye kisukari, presha, wajawazito na wanaotumia dawa za kila siku wasiache chakula wala dawa bila kuongea na daktari wao. Tunawapokea usiku. Mtu anaweza kufunga simu, au kufunga maneno.

La tatu ni yule binti. Umesoma swali lake lote? "Bado naishi naye nyumba moja." Kabla hujamfundisha kusamehe, ujue kama yuko salama. Pengine ni maneno tu ya wifi. Pengine anapigwa. Kama anapigwa, kusamehe hakumaanishi aendelee kukaa, na kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Msindikize, usimwelekeze.

---

Mama wa Pasua amejibu:

Nimesoma yote mara mbili. Nesi, swali lile nililisoma kama somo la msamaha. Neno "bado" nilikuwa sijaliona kabisa. Namba yake ninayo, nimempigia leo mchana mara mbili, hakupokea.

Mchungaji nitampelekea hivi. Januari hadi Aprili, Marko. Nusu saa ya kwanza tunasoma kwa njia ya ndugu yetu wa Ngarenaro, nusu saa watatu watatu, nusu saa tunaomba wote kwa pamoja kama tulivyozoea, na mkesha unabaki palepale. Mlinzi, hilo la mwisho ni kwa ajili yako, na mimi mwenyewe ningeumia kuupoteza. Daftari jipya nimelipiga mstari katikati: kushoto mtu anaandika hitaji, kulia anaandika analojifunza au analouliza. Upande wa kulia sitaweka vema.

Watatu watatu nimeanza kuwapanga, nimekwama kwa akina mama wanne wa kikoba kimoja. Wote wanadaiana.

---

Mwinjilisti Mstaafu amejibu:

Watawanye hao wanne, kila mmoja kundi lake. Mpagazi mpe mwalimu mstaafu, wastaafu tuna muda wa kupiga simu.

---

Mlinzi wa Zamu amejibu:

Mama, nimekuelewa. Nitaijaribu hiyo ya kusoma mara tatu na wenzangu wawili tuliobaki. Nakuombea.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Usiendelee kupiga simu, huenda haishiki yeye. Mfuate. Nenda peke yako, na usibebe daftari.

---

Mama wa Pasua amejibu:

Nimetoka huko sasa hivi. Ana meza ya mboga Mbuyuni. Nilimkuta anamenya njegere, akaniona, akainama. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, uliuliza swali na mimi sikukujibu. Hakusema kitu. Akageuza ndoo, akanisogezea nikae, akaniwekea sinia katikati. Tumemenya wote mpaka saa sita mchana.

Alichonieleza sitakiandika hapa. Usiku huu analala kwa dada yake, na Jumatatu asubuhi tunakwenda kituoni pamoja. Swali lake lenyewe bado hatujalifikia.

Nesi, kama uko Moshi na zamu inakuruhusu Jumatatu, niandikie pembeni.