Laptopu inakatakata waifai kila nikisafiri, simu haina shida. Nianzie wapi?

msafiri_wa_kazi:
Wakuu habari za jioni, na shikamooni kwa wakubwa.

Kichwa cha uzi kinajieleza. Kazi yangu ni ya kuzunguka, ripoti natuma nikiwa hukohuko. Nyumbani laptopu (Windows 11) haina tatizo lolote, nikitoka tu vituko vinaanza. Hoteli ya Dodoma iliunga waifai vizuri, ila ule ukurasa wa kujaza namba ya chumba haukutokea hata nilipozima na kuwasha. Sasa niko gesti moja Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa ya pili. Hapa inaingia, inakaa kidogo, inakata, inarudi yenyewe, na inapenda kukata katikati ya kikao. Simu iko pembeni inapeta tu na WhatsApp, waifai hiyohiyo. Soketi iko mbali na kitanda kwa hiyo natumia betri, sijui kama inahusika.

Fundi mmoja kaniambia kadi ya waifai imekufa, ninunue nyingine. Naombeni mwongozo kabla sijatoa hela. Nawasilisha.

Kipanga wa Tabata:
Piga Windows upya mkuu, maliza kazi.

mama_seva:
Asipige chochote. Windows ingekuwa mbovu angeteseka na nyumbani pia. Na kadi iliyokufa haiendi nyumbani ikafufuka.

Mleta uzi, kwanza usiiamini hiyo simu. Simu nyingi waifai ikilegea zinahamia kwenye data kimyakimya, wewe unaona WhatsApp inaenda unadhani waifai ni nzima. Zima data, iache na waifai peke yake, uone kama itaendelea kupeta.

Halafu tenganisha safari mbili: laptopu mpaka ruta (kile kifaa kinachorusha waifai), na ruta mpaka nje. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, angalia namba ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta. Andika ping -t ikifuatiwa na namba hiyo, dirisha la pili andika ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google, iko nje), uyaache yote yanaendelea; ping inauliza "upo?" mfululizo na kusubiri jibu. Waifai ikikata, tazama lipi limeandika "Request timed out". Likiwa la 8.8.8.8 peke yake, intaneti ya gesti ndiyo mbovu na laptopu yako haina kosa. Ruta nayo ikiacha kujibu, shida iko kati yako na ruta. Ukikuta namba yako ya IP inaanza na 169.254, basi ruta haikukupa anwani kabisa.

Mwisho andika netsh wlan show interfaces, utuletee Signal (nguvu ya mawimbi) na Channel (mkondo wake).

Mpemba Asilia:
Ndugu yangu, kuta za Mji Mkongwe hizo! Mawe ya matumbawe na chokaa, nene hasa, zilijengwa kuzuia joto, na waifai nayo zinaizuia vilevile. Ruta iko wapi? Kama iko chini mapokezi nawe uko juu, usiilaumu kadi wala laptopu.

bundi_wa_mtandao:
Mimi nazungumzia Dodoma, maana huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Una VPN ya ofisi (ile programu inayopitisha mtandao wako wote kwenye njia iliyofungwa mpaka ofisini)? Ikiwa inajiwasha yenyewe, ukurasa wa hoteli hautokei, kwa sababu VPN inataka kutoka nje kabla hujaruhusiwa kutoka. Ukiwa umejiwekea kwa mkono DNS (kinachotafuta anwani za tovuti), nayo inaweza kukwamisha. Zima VPN, rudisha DNS iwe ya kupewa na ruta, kisha andika http://neverssl.com kwenye kivinjari. Tovuti za https (zilizofungwa kwa usalama) haziwezi kugeuzwa njia bila kivinjari kupiga kelele, hii ya http inageuzwa na ukurasa unatokea. Ukishaingia, WASHA VPN tena, hiyo ni waifai ya watu wengi.

Na kama hoteli inakudai uingie upya kila siku, angalia "Random hardware addresses" kwenye Settings za waifai, inabadilisha namba ambayo kadi yako inajitambulisha nayo. Ikiwa imewekwa ibadilike kila siku, kwao wewe ni mgeni mpya kila asubuhi.

msafiri_wa_kazi:
Mrejesho wakuu. Nimezima data, simu nayo ikaanza kukatakata! Kumbe ilikuwa inakula bando langu muda wote. Ping ya ruta ndiyo inakufa ya kwanza. Signal 34%, Channel 48. Ruta iko chini mapokezi kama alivyosema Mpemba. Na ndiyo, VPN ya ofisi inajiwasha yenyewe.

mama_seva:
Waifai ina masafa mawili ya kawaida, 2.4 GHz na 5 GHz, na Channel 48 maana yake uko kwenye 5 GHz. Ina kasi lakini ukuta unaichosha haraka. Hamia 2.4 GHz, taratibu kidogo ila inapenya zaidi. Kama mitandao yote miwili ina jina moja, nenda Device Manager, Network adapters, kadi yako, Advanced, tafuta Preferred Band, chagua 2.4. Kadi nyingine hazina kipengele hicho, hapo itabidi uusogelee mlango.

Kuhusu betri, hapohapo kwenye kadi kuna Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima. Kipengele hiki nacho hakipo kwenye laptopu zote.

Kipanga wa Tabata:
Haya, nimeondoa hoja ya kupiga Windows 😂

msafiri_wa_kazi:
2.4 imetulia, kasi ndogo lakini haikati. Kesho nina kikao cha video, naona bora nitumie hotspoti ya simu. Ila mara ya mwisho bando liliisha kabla ya kikao kuanza.

bundi_wa_mtandao:
Unganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya hewani, inatulia zaidi na simu inachaji. Kisha fungua muunganisho huo kwenye Settings, washa "Metered connection" (unaiambia Windows kwamba data ni ya kupimiwa). Windows itasimamisha masasisho mengi yanayojishusha yenyewe, na OneDrive (inayopandisha mafaili yako mtandaoni) nayo itapumzika. Video ya kikao punguza ubora, wenzako wakuone na ukungu kidogo.

Mpemba Asilia:
Au muombe mwenye gesti akuwekee meza mapokezi, karibu na ruta. Mwambie una kikao, hakatai.