Mtoto wa miaka 6 anakoroma hadi pumzi inakata. Akitolewa mafindofindo, maisha yake yatabadilika kweli?

MamaK_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu anakoroma kama mzee, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, mpaka agutuke. Asubuhi godoro limelowa, kichwa kinamuuma. Mwalimu anasema darasani ama anasinzia ama anachokoza wenzake. Daktari wa masikio, pua na koo kasema mafindofindo ni makubwa na nyama za pua zimeziba, vitolewe vyote. Bibi yake anasema ni kimeo tu, kuna mzee anakata. Baba anaogopa nusu kaputi. Mliopitia, mtoto anabadilika au ni koo tu linapona?

Mtu_wa_Pangani:
Kimeo usithubutu dada yangu! Sicho kinachoziba. Watoto wanavuja damu na kupata pepopunda kwa wembe wa hao wazee.

Bintimwema:
Wangu alifanyiwa akiwa na miaka 5. Nisikudanganye, wiki ya kwanza ni ngumu. Siku ya tatu, ya nne, alilia masikio (maumivu ya koo hupandia huko), mdomo unanuka, kooni kuna utando mweupe nikadhani usaha. Kumbe ndivyo kidonda kinavyopona. Na alikoroma bado, kwa uvimbe. Wiki ya tatu usiku mmoja nikaamka kwa sababu ya ukimya, nikawasha tochi nione kama yu hai. Amelala mdomo umefumba! Sasa uji anamaliza, kikojozi kimeisha taratibu, hasira zimepungua.

Jongoo_Mpole:
Mpe barafu za ukwaju, atapoa.

Bintimwema:
@Jongoo_Mpole ukwaju kwenye kidonda? Utamuua kwa makelele. Maji mengi, uji uliopoa, mtindi usio mchachu sana.

Nesi_wa_zamu:
Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Wengine walipasuliwa mapema, wengine wakasubiri chini ya uangalizi. Baada ya miezi 7, usingizi ulirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na 46 ya waliosubiri. Tabia na ubora wa maisha navyo vilikuwa bora kwa waliopasuliwa. Ila kwenye vipimo vya umakini hawakupishana sana. Kwa hiyo mama, tegemea mtoto mchangamfu, usimdai namba moja darasani. Akiwa mnene, kukoroma kunaweza kubaki.

Mwambie daktari wa nusu kaputi kwamba pumzi inakata usiku, ni muhimu sana. Apimwe sikoseli kama hajapimwa. Dawa ya maumivu ipimwe kwa uzito wake, na kodeini asipewe, inaweza kuzima pumzi. Akitema damu mbichi, hata siku ya 8, hata saa nane usiku, hospitali.

MamaK_Moro:
Asanteni sana. Jana usiku nimemrekodi kwa simu, leo nimemsikilizisha bibi yake. Ilipofika pale pumzi inapokata, na yeye akabana yake. Akakaa kimya, halafu akauliza analazwa siku ngapi.

Bintimwema:
Sisi tulilala usiku mmoja. Bibi abebe khanga mbili, wodini kuna baridi.