MJADALA: Redio ikipiga wimbo uliorudiwa, ilazimishwe kumtaja aliyeurekodi kwanza?

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Vipindi vya zilipendwa hapa Dar vinapiga "Malaika" ya Miriam Makeba au ya Boney M, "Killing Me Softly" ya Fugees, "Red Red Wine" ya UB40, na mtangazaji anataja jina la aliyerudia, basi. Mimi nataka masharti ya leseni za redio yaongezwe kifungu kimoja: wimbo uliorudiwa, atajwe na aliyeurekodi kwanza. Hazifiki sekunde tano. "Killing Me Softly" aliyeitoa kwanza ni Lori Lieberman, mwaka 1972. Roberta Flack akaifuata 1973, Fugees wamekuja 1996. Ni vibaya mtu akaanzisha kitu halafu jina lake lisisikike hata mara moja kwa mwaka.

Santuri 45
Mkuu, nia yako naiunga mkono, kifungu chako siungi. "Wa kwanza" ni nani? Yupo aliyetunga, yupo aliyeingia studio mwanzo, yupo aliyeufikisha wimbo sokoni. Mara nyingi hawa ni watu tofauti. Chukua hiyo hiyo "Malaika". Rekodi iliyoutambulisha ni ya Fadhili William, iliyotoka Equator Sound ya Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Mtanzania Adam Salim aliyekuwa akiishi Nairobi miaka ya 1940, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Ukiweka faini, redio hazitatafuta ukweli. Zitaacha kupiga nyimbo zenye utata, na hizo ndizo nyingi za kwetu.

Mtoa mada
Aseme "ilirekodiwa na Fadhili William". Kurekodi si kutunga, kwa hiyo hajamhukumu mtu.

Fundi Rili, Buguruni
Kabla ya kutaja, ujue kwanza unachotaja. Makosa mengi yanaanzia hapo.

Shika santuri ya inchi 7. Kwenye kibandiko cha katikati, chini ya jina la wimbo, kuna jina dogo ndani ya mabano: huyo ni mtunzi, si mwimbaji. UB40 wenyewe waliijua "Red Red Wine" kupitia toleo la rege la Tony Tribe la 1969. Waliona pameandikwa N. Diamond wakadhani ni Mjamaika fulani, kumbe ni Neil Diamond wa Marekani. Kibandiko bila uchunguzi hakitoshi.

Sasa iinamishe santuri kwenye mwanga. Kati ya mfereji wa mwisho na kibandiko pana ukanda laini, na pale pamekwaruzwa namba. Kwa kawaida hiyo ndiyo namba ya rekodi yenyewe. Iliyochapwa kwenye kibandiko ni ya toleo. Ukikuta vibandiko viwili tofauti lakini namba ya kukwaruza ni moja, umeshika rekodi ile ile. Namba zikitofautiana, sikiliza upya, huenda msanii ameurudia wimbo wake mwenyewe miaka mingi baadaye. Mitandao ya muziki inawaangusha wengi hapa. Mwaka unaouona pale mara nyingi ni wa mkusanyiko, si wa studio.

Halafu kasi ya mashine ya santuri. Nusu toni ya muziki ni karibu asilimia 6 ya kasi. Mkanda wa mota ukilegea hata kwa asilimia 3, gitaa la kwenye santuri halikubaliani tena na kinanda chako, na mtu anaapa kwamba hiyo ni rekodi nyingine. Baya zaidi ni mashine za Marekani ambazo mota yake inafuata mzunguko wa umeme. Zimepangwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, umeme wetu una 50. Transfoma inashusha volti tu, mzunguko haiugusi, kwa hiyo santuri inapungua kasi kwa moja ya sita na mwimbaji wa kike anasikika kama kaka yake. Kipimo ni rahisi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, hesabu. Kasi ya 33⅓ kwa dakika ni mizunguko 100 kamili kwa dakika tatu. Ukipata 97, usitoe hukumu yoyote juu ya wimbo.

DJ wa Mwananyamala
Fundi, hapo umetufaa sana. Ila wakuu, tusiwanyime haki wanaorudia. "Respect" ya Otis Redding ya 1965 ni nzuri, lakini Aretha Franklin mwaka 1967 aliongeza ile sehemu ya kutaja herufi moja moja, na hiyo ndiyo kila mtu anayoimba. Na hapa kwetu, Diamond Platnumz alipotoa "Salome" mwaka 2016 juu ya "Maria Salome" ya Saida Karoli, kuna watoto wa Dar waliokuwa hawajawahi kuisikia sauti ya Saida. Kurudia kunaweza kufufua.

Bint Kariakoo
Kaka, kunafufua pale tu jina linapotajwa. Kwenye taarabu tumeumia zaidi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika. "Kijiti" ni wake, wengi wameujua kwa Bi Kidude, na Bi Kidude hakuwahi kuficha kwamba alijifunza kwa Siti. Wanaoficha ni sisi tunaopiga. Na mshairi naye? Taarabu ina mtunga maneno, anayeweka muziki na mwimbaji. Kifungu cha mtoa mada kinamgusa mmoja tu kati ya hao.

Mtoa mada
Kweli dada, hilo nalichukua. Lakini angalia sheria iliyopo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. "Hound Dog" Big Mama Thornton aliirekodi 1952, Elvis akaja nayo 1956. Watunzi ni Leiber na Stoller, hivyo haki ya mtunzi haimgusi mama yule hata kidogo. Pengo lipo hapo.

Na hata mtunzi akiwa ndiye mwimbaji, jina likipotea na pesa inapotea. Isikilizeni "Mbube" ya Solomon Linda na Evening Birds, Johannesburg, 1939. Karibu wimbo wote sauti nzito zinazunguka neno lile lile, na Linda yuko juu yake anapanda na kushuka bila maneno. Karibu na mwisho anaachia mstari mmoja mfupi, papo kwa papo. Mstari huo The Tokens waliuimba kwa maneno ya Kiingereza mwaka 1961, "The Lion Sleeps Tonight", dunia nzima ikauimba. Linda alilipwa shilingi kumi, akafa 1962. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kesi.

Santuri 45
Mfano wa Linda unaniumiza, lakini bado faini siitaki. Nashauri hivi: orodha ya nyimbo zilizopigwa, ile ya kugawia mirabaha (malipo ya wenye haki), iongezwe safu mbili, "mtunzi" na "rekodi ya kwanza", na neno "ina utata" likubalike kama jibu halali. Mtangazaji asome kilichojazwa.

Bint Kariakoo
Ziwe tatu. Mshairi awe na safu yake.

Fundi Rili, Buguruni
Na ajaze anayepanga nyimbo, si mtangazaji. Huyo ndiye mwenye santuri mkononi, anaweza kuiinamisha kwenye mwanga akasoma namba. Mtangazaji ana faili la kompyuta tu, na faili halina kibandiko.